Disko toto marufuku, sawa. Ila shoo ya watoto iwe bure au kiingilio?

Kila Idi ikikaribia, na Krismasi hivohivo, makamanda wa polisi wa mikoa wanatoka kutangaza kwamba disko toto, yaani disko la watoto la sikukuu, ni marufuku. Wazazi wengi wanafurahi na siwalaumu, maana aliyekuwepo nchi hii mwaka 2008 anaikumbuka Tabora, Idi el Fitri ile ya tarehe 1 Oktoba, watoto wapatao 20 walikufa ndani ya ukumbi wa disko, wamejazwa humo mpaka hewa ikawaishia wakakanyagana, asubuhi mtu kamvalisha mwanae nguo mpya jioni anaenda kumtambua hospitali. Toka siku ile hilo neno disko toto lina msiba ndani yake.

Sasa mtaani kwetu huku Temeke kuna watu kama sita hivi, na mimi nimo, tulipeleka wazo kwenye kikao cha serikali ya mtaa kwamba sikukuu ijayo tuwafanyie watoto shoo ya laivu, igizo fupi, sarakasi, ngoma, mtu wa mazingaombwe, mchana kweupe uwanjani, hakuna DJ wala ukumbi wa kujifungia. Mzee mmoja akasema tunataka kuingiza disko toto kwa mlango wa uani, huyo tulimuelewesha akatulia. Kilichotugawa ni hela. Nusu ya kikao wanasema watoto waingie bure, nusu wanasema bila kiingilio hiyo shoo haipo. Nimekaa na hili jambo wiki nzima na naona pande zote mbili zina haki, ila sio haki sawa.

Nianze na wa bure kwa sababu moyo wangu uko huko. Mtoto hana hela, hela ni ya mzazi, na mzazi mwenye watoto wanne ukimwambia mia tano kila kichwa hiyo ni buku mbili, kilo ya sembe imeondoka hapo. Hao ndo ambao hawatakuja. Tuliosoma shule za msingi za serikali tunaijua hii, yule jamaa wa mazingaombwe akija shuleni kiingilio shilingi 50, darasa moja linafungwa madirisha kwa magunia, wenye hamsini wanaingia, sisi wengine tunagombania kitundu cha gunia. Jamaa anameza wembe anautoa na uzi, anageuza karatasi kuwa noti, na mpaka leo najiuliza kama anatengeneza noti kwa nini alikuwa anahangaika na hamsini zetu. Nilishawahi kuwa ndani na nilishawahi kuwa dirishani, na ya dirishani ndo naikumbuka zaidi. Kwa hiyo mtu akisema shoo ya mtaa isiwe na mtoto wa dirishani, mi namuelewa sana.

Lakini bure ni bure kwa nani? Wasanii wamepanda daladala, spika zimekodiwa, jenereta inakunywa mafuta, lazima kuna mtu kalipa, na aliyelipa ana lake. Mara nyingi ni mradi fulani, basi igizo litakuwa la kunawa mikono au chandarua, kuna mlevi, kuna mkewe, anatokea daktari na koti jeupe, mwisho wote wananawa. Watoto wanaujua mwisho kabla mlevi hajaanguka. Sisemi sanaa ya kufundisha ni mbaya, akina Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi kubwa sana ya namna hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 80 walienda kijiji cha Malya huko Mwanza, na mwaka 1996 ikaanza Tuseme, mradi wa sanaa za maonyesho kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Ila angalia tofauti, kule Malya wanakijiji wenyewe ndo walisema tatizo letu ni mimba za wanafunzi, wakalichezea ngoma na igizo, na kwenye Tuseme wasichana wenyewe ndo wanasema. Hizi za siku hizi ujumbe unakuja umeshachapwa kwenye bango kabla mtoto yeyote hajaulizwa chochote. Na kama mlipaji sio mradi basi ni mwanasiasa, hapo jiandae na mgeni rasmi, shoo saa nane yeye anafika saa kumi, watoto wako juani wanaimba wimbo wa kumkaribisha kwa mara ya tano.

Kuna lingine ambalo wa bure huwa hawaligusi. Bure haina hesabu. Mwaka juzi tulifanya moja ya bure kabisa, tukategemea watoto 150, tukafanya kosa la kumpa bodaboda spika azunguke kutangaza, wakaja sijui mia nne sijui mia tano, mitaa mitatu yote ilihamia pale. Watu wazima wakasimama mbele, na wanajua fika shoo sio yao, vijana wa sarakasi wakapanda mabegani wakatengeneza mnara na watoto wa nyuma hawakuona hata kidole, mtoto mmoja wa miaka minne tulimtafuta mpaka adhana ya magharibi tukamkuta amelala chini ya meza ya muuza barafu. Mama yake hakutukana, alituangalia tu. Hakuna aliyeumia, tulishukuru, lakini mimi usiku ule nilikuwa naiwaza Tabora.

Hapo watu wa kiingilio wanaruka wanasema si unaona, tiketi ndo dawa. Taratibu jamani. Disko toto lenyewe ni biashara ya kiingilio toka lini na lini, na kiingilio ndo kinachomtia mtu tamaa, kila kichwa kinachoongezeka ni noti, nani atakayefunga mlango? Kwa hiyo tiketi peke yake haiokoi mtu, kinachookoa ni namba iliyopangwa kabla na mtu mwenye roho ngumu ya kuisimamia. Tiketi ni njia rahisi ya kuhesabu, basi, usiipe utakatifu usiokuwa wake.

Faida ya kiingilio ninayoiamini zaidi ni nyingine kabisa. Mtoto aliyelipa, hata mia mbili, anadai. Mtoto hana ile adabu yetu ya kupiga makofi ya uongo, shoo ikiboa anaanza kuchimba mchanga, anamvuta mwenzie nywele, anaomba kwenda chooni (na choo umekifikiria? watu wanakodi spika za milioni wanasahau choo). Msanii anayejua watoto wametoa hela zao hawezi kuleta igizo la mlevi na daktari, itabidi afikirie, awashushe wadogo mbele kwenye mikeka, asizidishe nusu saa bila kubadilisha kitu, maana hawa wa miaka mitano mitano hawana subira ya hotuba.

Shida ni kwamba hesabu haifungi. Watoto 200 kwa mia tano ni laki moja. Sisi tulipiga hesabu, spika na jenereta laki na ishirini, mikeka na viti elfu sitini, wasanii sita elfu ishirini ishirini laki na ishirini nyingine, hapo ni laki tatu na sijaweka nauli za kufuatilia vibali, serikali ya mtaa, afisa utamaduni, polisi. Na hiyo elfu ishirini ya msanii ni aibu, kijana anafanya mazoezi ya sarakasi kila siku miaka minane halafu anaambiwa jitolee kaka, si watoto tu. Kwa hiyo hata ukitoza, laki mbili lazima zitoke pengine, na mtaa huohuo unaosema hauna uwezo umetoka kuchangia kitchen party mbili mwezi huu. Kuchangiana tunajua sana, hatujawahi tu kuona kwamba shoo ya watoto nayo inachangiwa kama harusi.

Kuhusu hawa wa miaka 13 mpaka 17 sitasema sana kwa sababu kikao hakikuwagusa kabisa. Igizo la wanyama ni la kitoto kwao, kwa hiyo wanabaki na kigodoro, zile ngoma za mtaani za kukesha, na muziki wa singeli wa usiku, na hiyo nayo inapigwa marufuku kila leo.

Nilipofikia mimi ni kiingilio mia tano, tiketi 200 zenye namba, zinauzwa wiki moja kabla kupitia wajumbe wa mtaa, getini haiuzwi hata moja. Kati ya hizo 200, hamsini zinalipiwa na michango ya watu wazima na zinagawiwa na walimu wanaojua nyumba ipi ina hali gani, karatasi ileile rangi ileile, asijulikane nani kapewa nani kanunua. Wasiokubaliana na mimi wanasema hiyo hamsini itaishia kwa watoto wa wajumbe, na kusema ukweli sina jibu zuri, nawajua wajumbe wetu. Tumeomba uwanja wa shule ya msingi ya hapa jirani, una mageti mawili ila la nyuma limechomelewa toka wizi wa madawati, mwalimu mkuu amesema tukitaka lifunguliwe tumlete fundi wenyewe. Fundi anataka elfu thelathini, na hiyo haimo kwenye laki tatu.