Msalaba wa Lilla: kaburi la shujaa au alama ya njia?

Kwenye nyika ya Fylingdales, kaskazini mwa Yorkshire huko Uingereza, pana msalaba wa jiwe juu ya tuta la kale. Mikono yake ni mifupi, na aliyeuchonga hakutia nakshi nyingi. Unaitwa Msalaba wa Lilla, na simulizi inayorudiwa kila mara ni kwamba ulisimikwa mwaka 626 juu ya kaburi la mtu mwenye jina hilo.

Kisa chenyewe tunacho kwa Bede, mtawa aliyekamilisha historia yake ya Kanisa la Uingereza mwaka 731. Siku ya Pasaka mwaka 626, Eomer, aliyetumwa na Cwichelm, mfalme wa Wessex upande wa kusini, alifika kwa Mfalme Edwin wa Northumbria, ufalme wa kaskazini, kando ya mto Derwent. Alijifanya analeta ujumbe, kumbe amebeba jambia lenye sumu. Lilla, mtumishi wa mfalme, hakuwa na ngao. Akajitupa katikati. Jambia lilipita mwilini mwake likamjeruhi hata Edwin, lakini mfalme akapona.

Ni kisa kinachogusa moyo, na ndiyo maana napenda tukipime bila haraka.

Tuanze na imani. Mwaka 626 Edwin mwenyewe hakuwa Mkristo. Alibatizwa York Pasaka ya mwaka uliofuata. Kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba mtumishi wake alizikwa chini ya msalaba mwaka uleule. Wataalamu nao huuweka msalaba huu kwenye karne ya 10 hivi. Tuta lenyewe ni la Enzi ya Shaba Nyeusi, yaani lilikuwepo zaidi ya miaka elfu moja kabla Lilla hajazaliwa, na vitu vya dhahabu na fedha vilivyopatikana humo ni vya karne zilizofuata kifo chake. Bede hasemi popote Lilla alizikwa wapi.

Je, basi simulizi tuitupe? Mimi nasita. Mto Derwent unaanzia kwenye nyika hiihii, jirani kabisa na tuta. Tena Waanglo-Saksoni, yaani watu wa akina Edwin na Lilla, walikuwa na desturi ya kuzika watu wao kwenye matuta ya watu wa kale, kwa hiyo kaburi la mtu wa karne ya 7 mahali hapa lisingekuwa jambo la ajabu. Msalaba ungeweza kuja baadaye, ukawekwa na watu waliokuwa bado wanakumbuka. Lakini jina la Kiingereza la tuta hilo, Lilla Howe, lina neno “howe”, yaani tuta, la Waskandinavia waliohamia huko mwishoni mwa karne ya 9. Huenda walirithi jina la zamani wakaliweka katika lugha yao. Huenda pia Lilla wao alikuwa mtu mwingine kabisa.

Kwa maoni yangu, jiwe lilisimikwa kama alama ya njia na mpaka. Ukungu ukishuka nyikani, msafiri alihitaji kitu cha kumwonyesha alipo, na tuta lilikipa kimo. Herufi C na G zilizochongwa baadaye ubavuni mwake zinaonyesha kwamba karne nyingi mbele watu bado waliutumia kugawa ardhi.

Pande zote mbili zinakubaliana juu ya kitu kimoja: mahali pake. Mwaka 1952 wanajeshi waliuhamisha ili usivunjwe na mizinga ya mazoezi, kisha ukarudishwa mwaka 1962. Walifanya vyema kuurudisha, kwa sababu alama ya njia ikihamishwa humpoteza msafiri, na kaburi likipoteza jiwe lake hupoteza na jina.

Jambo moja bado linanisumbua. Bede anasema Eomer alimuua na mtumishi wa pili, Forthhere, katika vurugu ileile. Huyo hakuna tuta linaloitwa kwa jina lake.