Mke Anayesaini Kama Shahidi

Anzisha mjadala wowote wa ndoa mtandaoni siku hizi, haupiti muda kabla mtu hajaja na lile neno la wanaume wasiotaka kuoa: kataa ndoa. Hoja kubwa ni mali. Eti ukioa, ukahangaika ukajenga, siku mkishindwana mwanamke anaondoka na nusu ya jasho lako. Sina ugomvi na mtu asiyetaka kuoa, hiyo ni hiari yake. Ila hiyo nusu ya kukabidhiwa mkononi, kwa Tanzania, sijui wameisoma wapi.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali ambayo wanandoa wameichuma kwa nguvu ya pamoja. Kabla ya kugawa, hakimu anatakiwa aangalie mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Akishapima yote hayo ndipo aelekee kwenye mgawanyo sawa. Kwa hiyo mwanamke anayefika mbele ya hakimu anaulizwa alichangia nini, na ushahidi uko wapi.

Hapo kwenye ushahidi ndipo mzani unapolala upande mmoja. Mume ana risiti za saruji na mabati, ana karatasi za makubaliano na fundi, ana miamala ya simu. Mke ana nini? Nani aliyewahi kumwandikia mtu risiti ya kumwagilia tofali? Mnaojenga mnajua: tofali za saruji zikishafyatuliwa zinatakiwa zimwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, la sivyo zinapasuka. Mume yuko kazini. Anayebeba ndoo kutoka kwa jirani mwenye kisima, mtoto mgongoni, ni mke. Ndiye anayepikia mafundi, anayehesabu mifuko isipungue, anayemgombeza kibarua aliyezidisha mchanga. Miaka kumi baadaye, mbele ya hakimu, mume anasema kwa sauti kavu kabisa: "Huyu alikuwa yupo tu nyumbani."

Mahakama ya Rufani ililijibu hilo zamani. Mwaka 1983, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kabla ya hapo majaji walikuwa hawakubaliani: wapo waliosema mke anapika na kulea kwa sababu ni wajibu wake, hivyo hilo si mchango, na wapo waliosema ni mchango. Mahakama ya Rufani ikawaunga mkono hawa wa pili. Mpaka leo wanasheria wanainukuu. Kisichosimuliwa sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu alilokuwa akilidai, kwa sababu mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe kwa ajili ya maendeleo ya familia akazitapanya. Alishinda hoja, akashindwa kesi. Wanawake waliokuja nyuma yake ndio waliofaidi.

Na hao wanaodhani wameikwepa sheria kwa kukaa na mwanamke bila ndoa, wasome kifungu cha 160. Mtaani tunaambizana ni miezi sita. Sheria inasema miaka miwili au zaidi, na jamii iwe inawachukulia kama mume na mke, basi itadhaniwa mmeoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mkiachana, mahakama bado ina nafasi ya kuwagawia mlichochuma.

Lakini twende kwenye jambo linaloniudhi kweli, maana halianzii mahakamani. Linaanzia ofisi ya serikali ya mtaa, siku ya kununua kiwanja. Ukikaa kwenye yale mabenchi utaliona. Muuzaji yupo na ndugu zake, dalali anapiga simu, mnunuzi kaja na mkewe. Fedha za kiwanja mara nyingi ni za wote: za mshahara wa mume na za kikoba cha mke, pengine na kitenge au pete iliyouzwa. Mwenyekiti anaandika hati ya mauziano. Jina la mnunuzi: la mume. Kisha inafika chini, mashahidi upande wa mnunuzi, mke anasogezewa kalamu. Anasaini. Anakuwa shahidi wa kiwanja alichokinunua kwa hela yake. Hakuna anayeshtuka, hata yeye mwenyewe. Anatoka pale anatabasamu kwa sababu familia imepata eneo. Siku ya ugomvi, karatasi ileile inatolewa mahakamani kuonyesha kuwa alikuwepo kushuhudia mwenzake akinunua.

Nikilisema hili kwa wanaume wenzangu najibiwa kwamba wanawake nao wana yao. Cha mume ni chetu, cha mke ni chake. Anajenga kwao kimyakimya, bajaji kaandikisha kwa jina la mdogo wake. Kweli, wapo, na si wachache. Sheria haijawapendelea: kifungu cha 60 kinasema mali iliyoandikwa kwa jina la mmoja itachukuliwa ni yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo, na hiyo ni kwa mume na mke vilevile. Ila wengi wa wanawake hao wameona mama zao na shangazi zao walivyotolewa kwenye nyumba na begi moja. Anayejua jina lake halitaandikwa popote atatafuta pa kuliandika.

Wengine wanasema ukiandika jina la mke umekaliwa, au umelishwa limbwata. Basi niwaulize: siku mnapokwenda benki kuweka nyumba rehani, mbona mnakwenda na mke? Benki haitoi mkopo wa nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza iliyosainiwa, kwa sababu inajua kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali. Kumbe benki inamwona. Kwenye deni mke ana saini yenye uzito, kwenye kununua anabaki shahidi.

Hayo ni ya talaka, mume akiwa hai. Akifa ni balaa jingine. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, kwa makabila linayoyahusu, linasema mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Wajane wawili walikwenda kulipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kuwa ni ubaguzi, halafu ikakataa kulifuta. Ilipofika 2015, kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Jina la mke likiwepo kwenye hati, sehemu yake haiingii kwenye mirathi kabisa, iwe ya kimila, ya Kiislamu au ya kiserikali. Kinachogawiwa ni cha marehemu tu, na kwenye sehemu ya mke shemeji hana pa kuingilia.

Kuandika majina mawili kwenye ile karatasi hakuongezi gharama ya kiwanja. Mwenyekiti akiuliza mnunuzi nani, mtajeni wote wawili, picha za pasipoti za wote zibandikwe, na shahidi atafutwe mtu mwingine: jirani, kaka, hata dalali.