Msiseme Margate Imeokolewa

Hivi karibuni, katika mkusanyiko wa Waswahili wenzetu jijini London, ndugu mmoja ninayemheshimu alitushauri tuchange fedha, tununue nyumba Margate, mji wa pwani ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, tuigawe vyumba, kisha tuwapangishe watalii kwa usiku mmoja mmoja. Alisema mji ule ulikuwa umekufa na sasa umeokolewa, kwa hiyo mwenye akili awahi kabla bei hazijapanda zaidi. Wengi walikubali kwa kutikisa kichwa. Mimi ninaishi Margate na kazi yangu huko ni kuwahudumia wazee, na kauli ile ilinichoma, kwa sababu watu ninaowafahamu, wanaopokea barua za kuondoka katika nyumba zao, hawakuwamo kabisa katika hesabu ya mtu yeyote mle ukumbini.

Margate haijawahi kuwa na maisha yaliyo mbali na London. Katika karne ya 18 majahazi yaliyopeleka nafaka ya Kent katika jiji lile yalirudi na abiria walioambiwa na madaktari kwamba maji ya bahari huponya, na mwenyeji wa hapo, Benjamin Beale, akatengeneza kibanda cha magurudumu chenye turubai la kukunjuliwa ili mwogaji ashuke majini bila kuonekana. Mwaka 1791 daktari John Coakley Lettsom na wenzake walianzisha hospitali kwa ajili ya maskini wa London waliougua kifua kikuu cha tezi, na wagonjwa walilazwa kwenye baraza zilizo wazi ili wapate upepo wa bahari. Meli za mvuke zilianza kuja mwaka 1815, reli ikafika mwaka 1846, na wageni wakawa umati. Hospitali ile ilifungwa mwaka 1996, na leo jengo lake ni makazi ya fahari. Mgeni akinitembelea humpeleka kwanza hapo, kwa kuwa sijui mahali pengine panapoonyesha waziwazi jinsi London ilivyoutumia mji huu: ilileta wagonjwa wake maskini ilipokuwa haina pa kuwaweka, na sasa inaleta fedha zake.

Kizazi kinachokumbukwa kwa mapenzi zaidi ni kile cha wafanyakazi wa viwandani na bandarini. Sheria ya mwaka 1938 ya likizo yenye malipo iliwafungulia mlango, na baada ya vita walikuja kwa maelfu. Bibi mmoja ninayemhudumia alifanya kazi ya jikoni katika nyumba ya wageni tangu alipokuwa msichana, na husimulia kwamba familia za mtaa mmoja wa mashariki ya London zilikuja wiki ileile kila mwaka, zikakaa vyumba vilevile, na kabla ya kuondoka zikalipa rubuni ya mwaka unaofuata. Baada ya kifungua kinywa wageni walitakiwa watoke, na hawakuruhusiwa kurudi hadi jioni, mvua inyeshe isinyeshe, kwa hiyo walishinda ufukweni au Dreamland, bustani ya michezo iliyofunguliwa na John Henry Iles mwaka 1920, yenye reli yake ya mbao ya kupanda na kushuka ambayo mtu wa breki husafiri ndani ya behewa pamoja na abiria. Bibi huyo husimulia pia yale ambayo wapenzi wa picha za zamani huyaacha: mshahara ulikoma msimu ulipokoma, na majira ya baridi yalikuwa ya kukopa.

Halafu ndege zikaanza kuwapeleka watu Hispania, ambako jua halina shaka, na wageni wakapungua mwaka hadi mwaka. Dhoruba ya Januari 1978 ikaivunja gati ambayo vizazi vya wasafiri walikuwa wameshukia. Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia: ndege zilikuja, mji ukafa. Simulizi hilo silikubali, kwa maana mji unaopoteza wageni wake huwa maskini, lakini hauharibiki kwa namna Margate ilivyoharibiwa isipokuwa kuna watu waliofanya uamuzi fulani kuhusu nyumba zake.

Nyumba zenyewe ndizo kiini cha jambo hili. Eneo la Cliftonville, juu ya majabali ya mashariki ya mji, lilijengwa kwa ajili ya matajiri wa enzi ya Malkia Victoria na likajaa hoteli za ghorofa nne na tano, zenye vyumba vingi na ngazi pana. Wageni walipoacha kuja, majengo hayo yakawa rahisi kununua. Serikali ilikuwa ikiwalipia maskini kodi ya nyumba, na wenye mitaji wakagundua kwamba hoteli ya vyumba ishirini isiyo na mgeni hata mmoja wa likizo inaweza kuleta kodi ishirini kila mwezi, majira yote ya mwaka, bila kupaka rangi ukuta wala kuziba paa. Chumba kikawekewa jiko dogo na sinki, kikaitwa makazi. Halmashauri za London, ambako kodi zilikuwa hazishikiki, nazo zikatafuta mahali pa bei nafuu pa kupeleka familia zisizo na makao na watoto waliokuwa chini ya uangalizi wao, na pwani hii ikawa jibu. Fikirieni mtoto aliyeondolewa kwa wazazi wake, akaondolewa tena katika shule yake na mtaa wake, akaletwa mahali ambapo hamjui mtu, kwa sababu kitanda cha huku kilikuwa cha bei nafuu kuliko cha kule alikozaliwa. Waomba hifadhi nao wakawekwa katika hoteli zilizokuwa tupu. Na kwa kuwa sheria ya mwaka 1988 ilimruhusu mwenye nyumba kumwondoa mpangaji kwa notisi ya miezi miwili bila kutaja sababu yoyote, hakuna aliyethubutu kulalamikia ukungu wa ukutani.

Mwaka 2013 taasisi moja ya utafiti, Centre for Social Justice, iliandika ripoti kuhusu miji mitano ya pwani, Margate ikiwa mojawapo, na miaka minane baadaye mganga mkuu wa Uingereza, Chris Whitty, akaandika nyingine kuhusu afya mbovu ya watu wa pwani. Ripoti zote mbili zinasomeka vizuri. Hata hivyo, mitaani na magazetini lawama ziliwaangukia wapangaji: walevi, wavivu, wageni kutoka nje. Mimi nimeingia katika vyumba vyao kwa sababu ya kazi yangu. Nimewakuta akina mama wanaofagia maofisi alfajiri, wazee walioishi na upweke hadi wakaugua, vijana waliotolewa kwenye nyumba za malezi walipofikisha miaka 18 wakaachwa wajitegemee. Hawakuuharibu mji. Waliwekwa ndani ya nyumba zilizokwisha kuharibiwa, na kuna watu waliotajirika kwa kuwaweka humo.

Nakiri kwamba yaliyofuata yalikuwa na kheri yake. Treni ya mwendo wa kasi ilianza mwaka 2009 na kuisogeza London hadi umbali wa kama saa moja na nusu. Mwaka 2011 lilifunguliwa jumba la sanaa la Turner Contemporary, lililosanifiwa na David Chipperfield, mahali ilipokuwa nyumba ya Sophia Booth ambako mchoraji Turner alipanga. Kuingia ni bure, na nimewaona watoto wa Cliftonville wamelala sakafuni humo wakichora kwa utulivu ambao nyumbani hawana nafasi nao. Dreamland ilinusurika kugeuzwa mtaa wa maduka na nyumba kwa sababu wananchi walisimama kuitetea, na hata baada ya reli ile ya mbao kuungua mwaka 2008 hawakuchoka, mpaka halmashauri ilipoitwaa kisheria na bustani ikafunguliwa tena mwaka 2015. Msanii Tracey Emin, aliyekulia hapa katika hoteli ya wazazi wake, amerudi na kufungua vyumba vya kazi kwa wasanii wachanga. Hayo ni mema, na siwachukii waliokuja kwa ajili yake.

Ila bei ya wema huo inalipwa na watu walewale. Jengo lililokuwa hoteli, kisha likawa vyumba vya maskini, sasa linasafishwa kwa mara ya tatu, na linaposafishwa aliyemo ndani hutangulia kutolewa. Katika mtaa ninaoishi madirisha kadhaa hayawaki taa kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, halafu Ijumaa jioni mabegi ya magurudumu yanasikika kwenye lami. Wenzangu wa kazini, wengi wao wanawake waliozaliwa hapahapa, wamehamia miji ya mbali kidogo na wanakuja kwa basi kuwaogesha wazee wa mji ambao wao wenyewe hawana tena uwezo wa kuishi ndani yake. Ndugu zangu wa London, ambao wengi wenu mnajua kuhamishwa ni nini kwa sababu mmehamishwa humuhumu Uingereza, mtaa mmoja baada ya mwingine, kadiri kodi zilivyopanda, siwezi kuelewa tutawezaje kuwafanyia wengine jambo lilelile kisha tuliite uwekezaji. Kama fedha ipo na nia ni njema, nunueni nyumba, itengenezeni paa, muipangishe familia moja kwa mwaka mzima kwa kodi ya haki. Faida itakuwa ndogo, lakini itakuwapo.

Hatua za serikali si haba, nazo ni lazima zitumike kwa ukali. Kuanzia mwaka 2011 wenye nyumba wa Cliftonville walitakiwa kuwa na leseni kabla ya kupangisha. Utaratibu huo utumike na upate wakaguzi wa kutosha. Sheria ya mwaka 2023 inaziruhusu halmashauri za Uingereza kutoza nyumba za pili, zisizo makazi ya kudumu ya wenyewe, kodi ya halmashauri maradufu, na ile ya mwaka 2025 imeamua kuifuta notisi isiyo na sababu. Ninachotaka zaidi ya hapo ni kwamba kodi hiyo ya ziada inayotozwa nyumba za mwisho wa wiki itengwe kwa ajili ya kununua majengo ya Cliftonville yanayouzwa sasa, kabla wengine hawajayawahi, yatengenezwe kuwa nyumba za halmashauri, na orodha ya kwanza ya wapangaji iwe ya wale walio na barua za kuondoka mkononi leo.