Masters ya saratani sio ya madaktari tu jamani

Huku Mbeya ukisema unataka kusoma masters ya tiba ya saratani kila mtu anadhani anaongelewa daktari, na wewe mwenye digrii ya fizikia unayepiga tempo shule ya private pale Uyole huku unachungulia ajira portal kila jioni, wala hujifikirii. Mi naona tunapotea hapo.

Iko hivi, daktari bingwa ndo anaamua mgonjwa apigwe mionzi wapi na kiasi gani, sawa, ila kuhakikisha mashine inatoa kiasi hichohicho, isipungue isizidi, hiyo ni kazi ya mtu wa fizikia tiba. Chukua mashine za kobalti, zile zinazotoa mionzi kutoka kipande cha madini ya kobalti-60: hiyo kobalti inabaki nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 5 na miezi kama 3 hivi, kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa analala chini ya mashine dakika 2 baadaye atalala 4 apate dozi ileile. Hizo hesabu anazipiga nani? Halafu kuna mtaalamu wa tiba mionzi, yule anayemlaza mama wa watu kitandani, anamchora alama za wino tumboni na kumwambia mama usizisugue ukioga, maana kesho lazima alale vilevile, akihama kidogo tu mionzi inaenda kuchoma kibofu badala ya uvimbe.

Na saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania ni ya mlango wa kizazi, ambayo mionzi yake kwa kawaida ni Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5 hivi. Mama wa Tukuyu au Makete akiambiwa aende hospitali ya saratani ya Ocean Road hiyo sio safari, ni kuhamia Dar kwa shemeji zaidi ya mwezi, viazi vinabaki shambani na watoto kwa bibi yao (na shemeji mwenyewe kapanga chumba kimoja Mbagala).

Shule zipo. Udaktari bingwa wa saratani unasomwa MUHAS, chuo cha tiba cha Muhimbili, hapahapa nchini. Fizikia tiba, ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kule Trieste, Italia, wana masters tangu 2014 kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu, miaka 2, na mwaka wa pili unashinda hospitali sio darasani. Sifa ya kuingia ni fizikia, sio udaktari!

Najua mtasema sasa wasome warudi kwenye mashine ipi. Aisee, mashine hizi zinakaa kwenye chumba cha zege nene kwelikweli na zinataka umeme usioyumbayumba, hazishushwi kwenye lori leo zikawashwa kesho. Mtu naye ni masters miaka 2 na mazoezi ya hospitali mingine kama 2. Tukisubiri zege likauke ndo tuanze kutafuta mtu, litakaa na kufuli miaka 4. Mimi ningekuwa na sauti hospitali yoyote ya nyanda za juu ningemsainisha mkataba kijana mmoja wa fizikia Oktoba hii, aende akasome mshahara ukiingia, akimaliza arudi alipotoka.