Ongezeni Tu, Wazee Wangu

Mshenga mwenye mafua hapandi ndege. Hakuna aliyeniambia. Mpwa wangu alishakata tiketi za Dar hadi Kigoma, treni inachosha kiuno, nikapanda na leso yangu mfukoni.

Kupaa hakukuwa na neno. Kasheshe ilianza tuliposhuka kuelekea ziwani: sikio la kulia likaziba, la kushoto likafuata, kisha maumivu kama kuna mtu ananikanyaga kiwambo cha sikio kwa kisigino. Kwenye kiti cha mbele, kichanga kikalia kwa nguvu zake zote. Nikamwonea huruma, kumbe mle ndani mwenye akili alikuwa yeye: kulia na kumeza mate huzibua masikio. Mimi nimenyamaza, eti mtu mzima.

Ukweni ni Ujiji. Nikatoa salamu na utangulizi wa posa. Sasa, masikio yakiziba vile, sauti yako mwenyewe hurindima kichwani. Nilidhani nanguruma, kumbe nanong'ona. Bibi mmoja akamuuliza mwenziwe kama siku hizi posa zinaletwa kwa siri.

Kikaja chakula: ugali wa muhogo na migebuka ya mawese. Binti akanisimamia na bakuli. Nyuma yake namwona mzee wa ukoo, midomo inacheza, na neno pekee lililonifikia ni "...tuongeze?"

"Ongezeni tu, wazee wangu, msinionee haya. Tumekuja kwa hilo hilo."

Vigelegele! Nikasema moyoni, watu wa Kigoma wanampenda mgeni mlaji. Mpwa wangu akanifinya paja. Nikajua naye kaishiwa samaki.

"Na kwa huyu kijana, ongezeni tena."

Ng'ombe wawili, na wawili juu yake.

Jioni nikapelekwa zahanati. Daktari kijana akanichungulia masikio, akachora nyuma ya cheti mrija unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua, milimita 35 hivi, sehemu mfupa, sehemu kubwa gegedu. Muda mwingi umejifunga. Ukimeza mate au ukipiga miayo hufunguka, hewa ya ndani ikalingana na ya nje. Ndege ikipaa, hewa ya sikioni hujitokea yenyewe. Ikishuka ndipo kwenye kazi: mrija lazima ufunguke uingize hewa, na wangu ulivimba kwa mafua. "Na mzee, usizibe pua ukapuliza kwa nguvu, utasukumia kamasi sikioni." Ilibidi apige kelele, foleni nzima ikapata somo. Mrija una jina la Bartolomeo Eustachi, daktari Mwitaliano wa karne ya 16. Nikauliza kama naye aliwahi kuwa mshenga. Hakucheka.

Wa watoto, akaongeza, ni mfupi na umelala zaidi, ndiyo maana masikio huwasumbua kila mafua yakipita. Mimi wazo langu lilikuwa kwa ng'ombe wanne.

Baada ya siku chache tukarudi kuomba tupunguziwe. Mzee wa ukoo akaanza hotuba, na hotuba za mzee yule zina urefu wake. Nikapiga miayo. Pwa! Sikio la kulia likazibuka, nikadaka kila neno:

"...mshenga mwenyewe aliridhia, tena mara mbili, na mashahidi tumejaa hapa."

Nikaweka kiganja sikioni, nikasogea mbele.

"Mzee wangu, unasema?"