Xenpozyme: wengu unasinyaa, ubongo haufikiwi

Watu wazima 36 tu. Ndio walioshiriki jaribio kuu lililoifikisha dawa ya Xenpozyme sokoni mwaka 2022: Japani iliidhinisha mwezi Machi, Umoja wa Ulaya Juni, Marekani mwishoni mwa Agosti. Aliyezoea kusikia majaribio ya chanjo yenye maelfu ya watu lazima atashtuka. Ila ugonjwa wenyewe ni adimu mno, na hata hao 36 walitafutwa nchi mbalimbali.

Ugonjwa huo ni Niemann-Pick, aina A (inayoharibu pia ubongo) na B (aina C ni ugonjwa mwingine, wenye jeni zake). Ndani ya seli kuna vifuko viitwavyo lisosomu, ambamo taka za seli huvunjwavunjwa. Mojawapo ni spingomielini, mafuta ya utando wa seli yanayobeba kolini. Kimeng'enya cha kuyakata hutokana na jeni ya SMPD1. Aliyerithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama hana mkasi huo, au anao lakini ni butu, na mafuta hurundikana kwenye wengu, ini na mapafu. Xenpozyme ni kimeng'enya hichohicho cha binadamu, kinachozalishwa maabara na seli za hamsta zilizopandikizwa jeni yetu, kisha hutundikwa kwa dripu kila baada ya wiki mbili.

Baada ya wiki 52, wengu wa waliopewa dawa ulikuwa umesinyaa kwa wastani wa asilimia 39. Kwa waliotundikiwa dripu isiyo na dawa haukupungua kitu. Uwezo wa mapafu kupitisha gesi kwenda kwenye damu ulipanda kwa asilimia 22, dhidi ya 3. Hapo watetezi wa dawa wanatabasamu. Lakini wagonjwa wenyewe walipoulizwa kuhusu maumivu ya tumbo, kushiba upesi na taabu ya kuinama, makundi yote mawili yalisema yamepata nafuu, na tofauti ya maana haikuonekana. Wenye shaka wanaushika uzi huo: tumetibu picha ya wengu au tumemtibu mtu? Ni swali la haki. Hata hivyo, dodoso lile liliuliza habari za tumbo, ilhali wagonjwa wengi wa aina B huuawa na mapafu au ini. Mimi naupa uzito zaidi ule upimaji wa mapafu, ingawa mwaka mmoja hautoshi kuonyesha nani ataishi zaidi.

Dawa yenyewe ina hila yake. Mafuta yaliyorundikana miaka mingi yakikatwa kwa mkupuo, hutoa kwa wingi kipande chake kiitwacho seramidi, na panya waliopewa dozi kubwa mwanzoni walipata uvimbe mkali mwilini, wengine wakafa. Ndiyo maana mtu mzima huanzia miligramu 0.1 kwa kilo, akapandishwa taratibu hadi 3. Marekani imeweka pia onyo zito kuhusu mzio unaoweza kuua.

Kuhusu gharama, piga hesabu: mtu wa kilo 60 akishafika dozi kamili hutumia chini ya gramu tano kwa mwaka mzima, kama kijiko kimoja cha chai cha sukari, na kwa kijiko hicho mifuko ya bima inatoka jasho, mwaka baada ya mwaka, maisha yote. Kampuni ya Sanofi, inayoitengeneza dawa hii, ina hoja kwamba wateja ni wachache na gharama za kiwanda ni zilezile. Sawa. Lakini upungufu wa kimeng'enya hiki ulibainishwa mwaka 1966 na Roscoe Brady na wenzake katika taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, kwa fedha za walipa kodi. Jambo hilo lingepaswa kusikika kwenye meza ya bei. (Huku kwetu hata mezani hatujafika: mtoto akivimba wengu huulizwa malaria, kisha selimundu, na mara nyingi maswali huishia hapo.)

Mjadala mgumu kuliko yote ni wa watoto wa aina A. Kwao mafuta huharibu ubongo pia, na wengi hawavuki mwaka wa tatu. Kimeng'enya ni molekuli kubwa. Hakivuki kizuizi kati ya damu na ubongo. Kwa hiyo vibali vinataja athari zilizo nje ya mfumo mkuu wa neva peke yake. Wapo wanaosema tumbo likipungua mtoto atapumua na kula vizuri zaidi, na hilo ni jambo kubwa kwa siku alizobakiwa nazo. Wapo wanaoona sindano na safari za hospitali kila wiki mbili kama kumwongezea mateso. Ugonjwa wa aina A ukishathibitika, mimi naegemea upande wa pili. Tatizo ni huko kuthibitika. Kati ya A na B kuna walio katikati, ambao ubongo wao huathirika polepole. Jeni wakati mwingine hutoa jibu, wakati mwingine haitoi, na kichanga wa miezi minne mwenye ini kubwa bado hajaonyesha yuko upande gani.