"Tuliuza tu" si utetezi

Kampuni ya Topf und Söhne ya mjini Erfurt, Ujerumani, ndiyo iliyojenga matanuru ya kuchomea maiti kambini Auschwitz, ambako Wanazi waliua watu kwa halaiki. Biashara yake na SS, kikosi cha Kinazi kilichoendesha kambi hiyo, ilikuwa takriban asilimia 2 tu ya mauzo yake. Isingefilisika kwa kukataa.

Kinachonichoma zaidi ni bidii yao. Mhandisi Kurt Prüfer alikwenda Auschwitz mara kadhaa kukagua kazi yake. Mwenzake, Fritz Sander, aliomba hataza (hakimiliki ya uvumbuzi) mwaka 1942 kwa tanuru la kuchoma maiti nyingi mfululizo, bila kusimama. Huwezi kuchora mtambo wa namna hiyo usijue unamchorea nani na kwa kazi gani.

Ndiyo maana nikisikia kampuni ikijitetea kwamba "tusingeuza sisi, angeuza mwingine", damu inanichemka. Huyo mwingine naye atawajibika kwa lake. Lililofanyika limefanywa na wewe, na faida umeila wewe.

Na msiniambie hayo ni ya zamani. Mwaka 2014 benki ya Kifaransa ya BNP Paribas ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani kwa kukiuka vikwazo vya nchi hiyo, sehemu kubwa ikiwa miamala ya Sudan wakati jimbo lake la Darfur linateketea kwa vita. Walijua. Mwaka 2007 ofisa wake mmoja wa juu aliwakumbusha wenzake kwa barua pepe kwamba baadhi ya benki za Sudan walizokuwa wakizihudumia zilikuwa tegemeo la serikali iliyokataa Umoja wa Mataifa kuingia Darfur. Benki ikatozwa karibu dola bilioni 9. Hakuna kiongozi wake aliyeshtakiwa katika kesi hiyo.

Sasa mtazameni Frans van Anraat, mfanyabiashara Mholanzi aliyeuzia utawala wa Saddam Hussein wa Iraq malighafi ya gesi ya haradali, silaha waliyomiminiwa Wakurdi. Alihukumiwa kwa kushiriki uhalifu wa kivita, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikampa miaka 17 jela. Alistahili. Lakini mbona sheria inamwona mchuuzi mmoja na kuwapita wakurugenzi wa benki kubwa? Faini hulipwa kwa pesa za wanahisa, na aliyetia saini hafikishwi kizimbani. Aliyeonywa kwa maandishi akaendelea kutia saini ashtakiwe yeye, kwa jina lake, na ile barua pepe isomwe mahakamani akiwa kizimbani.